Mashindano ya adivencha kwa mara ya kwanza: namna ya kuzuia timu yako isipoteze muda imesimama

Watu wengi wakishajiandikisha mashindano ya adivencha, kitu cha kwanza wanachofanya ni kununua raba na kuanza kukimbia alfajiri kuzunguka Capri Point hapa Mwanza. Kukimbia sio vibaya, kimbia tu, ila mimi nimeshiriki nikiwa mgeni kabisa na nakwambia timu za wageni haziangushwi na kukimbia taratibu, zinaangushwa na kusimama. Zinasimama njia panda kubishana juu ya ramani, zinasimama kwenye kituo cha kubadilisha (pale mnapotoka kwenye miguu kwenda baiskeli au kasia) mmoja anatafuta soksi, zinasimama kwa pancha, zinasimama kwa sababu kuna mtu hajala tangu asubuhi na sasa miguu imegoma. Sisi tulikuwa wanne na hakuna hata mmoja ungemwita mkimbiaji, lakini tuliwapita vijana wenye pumzi za ajabu wamekaa chini ya mwembe wanalaumiana, tukawasalimia tukaendelea zetu kwa mwendo wa mtu anayewahi mnada. Kwa iyo maelekezo yote hapa chini yanazunguka hapo hapo, namna ya kutokusimama.

Kwa ambaye ndo anaisikia leo hii kitu: ni mashindano ya timu, mara nyingi watu wanne wanawake na wanaume wakiwa pamoja, wengine wanaingia wawili wawili. Mnatembea na kukimbia porini, mnaendesha baiskeli, mnapiga kasia, na njia hakuna aliyewachorea, mnapewa ramani yenye cheki pointi, yaani sehemu ambazo lazima mfike, mnazitafuta wenyewe kwa dira. GPS hairuhusiwi, simu inafungwa kwenye mfuko inabaki ya dharura. Kuna ya masaa machache, ya masaa 12, ya masaa 24, na kuna yale makubwa ya siku kadhaa mfululizo ambayo watu wanalala masaa mawili matatu tu kwa siku. Mfumo huu ulianza kujulikana na Raid Gauloises ya mwaka 1989 kule New Zealand, aliianzisha Mfaransa mmoja, Gérard Fusil, na kanuni inayoumiza watu mpaka leo ni ileile ya timu kumaliza ikiwa kamili. Mkifika watatu mmoja mmemwacha kivulini huko nyuma, hamjamaliza. Afu mashindano mengi yanataka wa mbele na wa nyuma wasiachane zaidi ya mita 100, kwa iyo yule bingwa wenu akitangulia peke yake hana faida yoyote, atafika atasubiri.

Anza na ya masaa machache. Ya masaa 24 ipo tu, haikimbii.

Timu kwanza, raba baadaye

Kabla hamjalipa kiingilio kaeni mahali mnywe chai muulizane kila mmoja anataka nini. Kama wawili wanataka kushinda na wawili wanataka kumaliza salama na kupiga picha, hiyo ni timu mbili zimevaa jezi moja, na itajulikana kilomita ya kumi jua likiwa kali. Chagua watu kwa tabia kabla ya misuli. Mtu anayenuna akikosolewa mwache nyumbani hata kama ana mapafu ya farasi. Mtu asiyeweza kusema "nimechoka" naye ni hatari, huyu ni mbaya kuliko wote, kwa sababu atakaa kimya mpaka adondoke na mkishafika hapo mnasimama nusu saa nzima badala ya kupunguza mwendo dakika tano.

Gaweni kazi mapema. Mmoja wa ramani, mmoja wa kuhakiki ramani (yaani anamfuata wa kwanza kwa kidole chake mwenyewe, sio kuitikia tu ndio ndio), mmoja fundi wa baiskeli, mmoja wa muda na chakula ambaye kazi yake ni kuwa kero. Huyu wa chakula kila nusu saa anapiga kelele "kuleni!" na hakuna kumwambia sijasikia njaa. Kwetu kazi hiyo alipewa dada yetu mmoja ambaye nyumbani ana watoto watatu, hakuna aliyethubutu kumbishia.

Kuna jambo la mizigo ambalo wageni wanaliona aibu na timu za wazoefu wanaliona la kawaida kabisa. Mtu akianza kuishiwa, begi lake linachukuliwa na mwenye nguvu wakati huo, bila kikao. Baada ya saa moja wewe uliyekuwa na nguvu unaweza ukawa wewe ndo unabebewa. Kukubali kubebewa ndo kazi, hasa kwa wanaume, mtu anasema niko poa niko poa huku anayumba. Mkubaliane kabisa kabla: ukiambiwa toa begi, unatoa.

Kamba ya kuvutana nayo ni halali kwenye mashindano mengi (soma kanuni za waandaaji wako) na hapa kwetu huna haja ya kuagiza chochote. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote umwombe tyubu iliyokufa, ile ambayo wanakata vipande vya kufungia mizigo kwenye keria. Kata kipande kirefu kama mkono wako, funga ncha moja chini ya siti ya baiskeli ya mbele, ncha nyingine unganisha na kamba nyembamba ya manila mita moja na nusu hivi yenye kitanzi, mwenzako wa nyuma anakiweka kwenye usukani kwa namna ya kukiachia haraka, usifunge fundo kabisa maana akianguka atakuvuta na wewe. Ule mpira ndo siri yenyewe, kamba tupu inakushtua kila unapokanyaga pedeli, mpira unanyonya ule mshtuko. Sisi tulimvuta mwenzetu hivyo kwenye kipande cha kupanda kabla ya Kisesa, yeye akipiga pedeli kawaida tu, na unaona kabisa ule mpira unavutika unakuwa mwembamba afu unarudi, unavutika unarudi, bodaboda wakipita wanacheka wanauliza kama tunamrudisha mgonjwa. Wacheke. Hatukusimama.

Fanyeni mazoezi ya kuvutana kabla, tena kwenye njia isiyo na malori.

Ramani ndo nusu ya mashindano

Mkishapewa ramani angalia skeli kwanza. Nyingi ni 1:50,000, maana yake sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini, wakiwapa 1:25,000 basi ni sentimita 4. Ukichanganya hapo siku nzima imeharibika. Kisha chukua muda wenu, hata dakika ishirini, mpange njia nzima mkiwa mmekaa na akili zimetulia, mchore kwa kalamu ya maji isiyofutika, mfunike kwa nailoni nzito. Hizo dakika ishirini ndo kusimama pekee ambako nakubariki.

Sasa kosa la mgeni Usukumani ni kufuata vijia. Huku kwetu vijia vya miguu ni vingi kuliko ramani yoyote duniani, kuna vya ng'ombe, vya watoto wa shule, vya kisimani, vya kwenda kwa mganga, na kila mwaka vinahama kutokana na shamba limelimwa wapi. Ukisema "njia panda ya tatu tukate kushoto" umeshapotea. Shika vitu visivyohama: vilima, mabonde ya mito hata kama ni mikavu, barabara kubwa, laini ya umeme mkubwa. Hata ufukwe wenyewe usiuamini asilimia mia, Ziwa Victoria lilipanda sana mwaka 2020 likala maeneo, na ramani nyingi ni za zamani, unaweza ukafika mahali ramani inasema mchanga ukakuta maji na matete.

Afu kuna mawe. Mwanza ni mji wa mawe, hilo halihitaji kuelezwa, ila kwenye ramani ni mtihani. Kama kontua (ile mistari ya kuonyesha kimo) ziko kila mita 20, jiwe lenye kimo cha mita 15 linaweza lisionekane kabisa kwenye karatasi, wakati wewe ukiwa chini yake unaona limeziba dunia yote. Na ukipanda juu yake unaona mengine hamsini yanayofanana nalo. Upande wa Luchelele tulikuwa na cheki pointi ya namna hiyo, maelezo yanasema tu "kati ya mawe mawili", na pale kila kitu kiko kati ya mawe mawili.

Kilichotusaidia ni hesabu. Mtu wetu wa ramani alishajipima kwenye kiwanja cha mpira, mita 100 tambarare kwake ni mara 64 mguu wa kulia unapogusa chini, akitembea. Ya kwako itakuwa tofauti kidogo, watu wengi wanaangukia kwenye 60 na kitu, nenda ukajipime mwenyewe, na ujue ukipanda kilima au ukipita vichaka inaongezeka. Alikuwa na punje za mahindi mfuko wa kulia, kila mita 100 anahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Tulianzia kwenye kona ya barabara ambayo ilikuwa ardhini na kwenye ramani bila ubishi, akaweka dira, akatembea akinong'ona namba, ukimsemesha hajibu. Punje ya nne ilipohama akasimama akasema ipo hapa. Hatuioni. Vijana wa timu nyingine walikuwa juu ya jiwe kubwa mbele kama mita 80 wanaangaza huku na kule. Yeye akainama akapita kwenye upenyo ambao mbuzi tu ndo wangeuwaza, pimbi wawili wakatoka mbio, na kibango cha cheki pointi kilikuwa kimening'inia mle ndani nyuma na mashine yake ya kutobolea kadi ya timu, ushahidi kwamba mmefika.

Kwa iyo utaratibu ni huu: usitafute cheki pointi kutokea mbali. Tafuta kwanza kitu kikubwa cha uhakika kilicho karibu nayo, kona ya barabara, kichwa cha kilima, mto unapoingia ziwani, kisha kutoka pale ndo uhesabu na dira kwa umbali mfupi. Na kabla hamjaondoka kwenye kila pointi mtu wa ramani aseme kwa sauti mambo matatu, tunaelekea wapi, umbali gani, na tutajuaje kama tumepitiliza. Hili la tatu watu hawaliwazi. "Tukikuta barabara ya lami tumepitiliza", basi, hata aliyechoka akili akiona lami atasema jamani lami. Mkipotea mbishane dakika mbili tu huku mnaangalia saa, zikiisha mnarudi mahali pa mwisho mlipokuwa na uhakika, hata kama inauma kurudi nyuma.

Dira iweke mbali na simu, kisu na baiskeli, chuma kinaivuta. Na usitegemee jua, tupo nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, saa saba mchana jua liko utosini halikwambii mashariki wala magharibi.

Ziwa halina mgeni wala mwenyeji

Hapa sitanii. Hili ziwa lina kama kilomita za mraba 68,800, lina mawimbi ya kwake, na watu wazima wa Mwanza wote wanakumbuka meli ya MV Bukoba ilivyozama, Mei 1996. Laifujaketi inavaliwa na kufungwa vifungo vyote kuanzia ufukweni mpaka ufukweni, hata kama wewe umekulia Ukerewe na ulijua kuogelea kabla ya kusoma. Filimbi ifungwe kwenye laifujaketi yenyewe, sio kwenye begi. Kama kuna mwenzenu hajui kuogelea aseme mapema, akafundishwe walau kuelea na kutulia, na kwenye chombo akae na mwenye uzoefu.

Upepo una ratiba yake. Siku nyingi asubuhi maji ya karibu na nchi kavu yanakuwa yametulia, mchana upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu na mawimbi yanaamka. Kama mpangilio wa mashindano unawaachia kuchagua, pigeni kasia mapema. Ila msimu wa mvua radi za ziwani zinapenda usiku na alfajiri, ukiona wingu jeusi limekaa juu ya maji asubuhi muulize mvuvi yeyote pale mwaloni (wanapotia nanga wavuvi), akikwambia subiri, subiri, hii ndo sababu nyingine ya kusimama ninayoikubali.

Kupiga kasia kwenyewe sio mikono. Mgeni anavuta kwa mikono, baada ya dakika kumi mabega yanawaka. Zungusha kiwiliwili, kasia liingie maji mbele kabisa karibu na vidole vya miguu yako, litoke likifika usawa wa nyonga, ukilivuta mpaka nyuma unainua maji bure. Wa mbele anaweka mapigo, wa nyuma anamfuata na ndo mwenye kushika uelekeo. Kama ni mtumbwi wa kasia la upande mmoja, badilisheni upande kwa pamoja kila mapigo kumi na kitu, mmoja anasema "hap!" mnabadili wote. Mkigonganisha makasia msiongee, endeleeni tu, itakaa sawa.

Chagueni kitu cha nchi kavu mbali cha kulenga, mnara wa simu, kilima, jengo, maana kwenye maji unadhani unaenda mbele kumbe upepo unakusukuma pembeni. Usiku usilenge taa za ziwani, zile ni za wavuvi wa dagaa na zinatembea. Mkiona madumu au chupa zinazoelea kwa mstari, hizo ni nyavu, zungukeni, hiyo ni riziki ya mtu na pia ni njia nzuri ya kunasa usukani. Magugu maji yakiwa yamejazana msiyalazimishe, yanaonekana mepesi kwa mbali ukiingia unakwama unasukuma kisiwa kizima. Zungukeni hata kama ni mbali. Na msishuke kwenye matete kwa sababu tu ni karibu, mamba na viboko wapo, shukeni mwaloni au penye mchanga wazi ambapo watu wanashuka.

Maji ya ziwa usinywe hata kama umekauka. Mwaka 2000 kwenye mashindano makubwa ya Eco-Challenge kule Sabah, Malaysia, washiriki wengi sana waliugua leptospirosisi, ugonjwa unaotokana na maji yenye mkojo wa wanyama, na wale walikuwa watu wa mazoezi haswa. Beba maji yako, na vidonge vya klorini vya akiba.

Baiskeli

Hapa nitaenda fasta. Baiskeli ya mtumba yenye gia na breki nzuri inatosha kabisa kwa mara ya kwanza, ipeleke kwa fundi unayemjua wiki moja kabla, sio jana yake, uiendeshe baada ya fundi ili kama kuna kitu kimelegea kijulikane mapema. Kila mtu abebe tyubu yake ya akiba, timu ibebe pampu mbili, viraka, solusheni, spana na kiungo cha cheni. Miiba ya migunga haina huruma. Jifunze kubadilisha tyubu gizani kwa kupapasa, na kabla hujaweka tyubu mpya pitisha vidole ndani ya tairi polepole utafute mwiba, wageni wanaweka tyubu mpya juu ya mwiba uleule.

Udongo mweusi wa mbuga ukilowa usiendeshe. Unajaza kwenye uma na breki mpaka tairi linagoma kuzunguka, na kuukwangua ni kusimama kwingine. Sukuma baiskeli pembeni kwenye nyasi, au ibebe.

Chakula na miguu

Kula kabla hujasikia njaa. Vile vijeli vya michezo kwenye paketi ni ghali na kwenye joto vinakinaisha, sisi tulibeba matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, vitamu, havimwagiki, havivundi, unakaa na kipande shavuni unakisugua taratibu huku unapanda kilima. Michembe, vile viazi vilivyoanikwa vikiwa vibichi, usibebe, ile inataka kupikwa. Ongeza karanga za chumvi, kashata, chapati zilizokunjwa na ndizi mbivu za kula mapema kabla hazijapondeka. Dagaa wa kukaanga wenye chumvi saa za mwisho ndo nilivyoviona vinashangiliwa zaidi ya chokoleti, maana baada ya sukari masaa yote ulimi unaomba chumvi. ORS ya duka la dawa (ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), soma pakiti inataka maji kiasi gani, weka chupa moja ya hiyo na chupa nyingine ya maji matupu.

Miguu, paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisiginoni, vaa soksi ulizokwisha kuzizoea. Raba mpya siku ya mashindano ni kujitafutia malengelenge, bora ya mtumba kutoka Mlango Mmoja uliyoitembelea mwezi mzima. Ukisikia mahali panawaka moto, sema hapo hapo, bandeni plasta, dakika mbili. Lengelenge likishapasuka itakuwa ni mwendo wa kuchechemea mpaka mwisho.

Vituo vya kubadilisha

Hapa ndo masaa yanayeyuka. Kila mtu awe na mfuko wake, vitu vya kila hatua ndani ya kifuko chake chenye namba, kifuko cha baiskeli, kifuko cha kasia, kifuko cha usiku. Kabla hamjafika, mkiwa bado mnatembea, anayeshughulika na muda anasema kila mmoja atafanya nini akifika: wewe jaza maji, wewe angalia upepo wa matairi, wewe peleka kadi. Mnaingia, mnafanya, mnatoka mkiwa mnatafuna. Usikae kwenye kiti. Kuna kiti cha plastiki pale kivulini na mtu wa huduma anakukaribisha "karibu mwanangu upumzike", asante mama, shikamoo, tunapita.

Kagua vifaa vya lazima kabla ya siku yenyewe, tochi ya kichwani na betri za akiba, filimbi, huduma ya kwanza, blanketi la foili, waandaaji wanaweza kukagua popote na kikikosekana kimoja mnaongezewa muda wa adhabu au mnatolewa.

Mkipita vijijini

Salimieni. Ukipita nyumba ya mtu mbio na kofia ngumu na tochi bila salamu unatia watu wasiwasi, ukisema "Mwadila", salamu ya Kisukuma, na kupunguza mwendo unaonyeshwa mpaka njia ya mkato ambayo haipo kwenye ramani (kama kanuni zinaruhusu kuuliza, zingine haziruhusu). Usiku ndo zaidi, maana sungusungu, walinzi wa kijiji, wapo, watu wanne wanakimbia gizani na begi mgongoni hawaeleweki. Waandaaji wazuri wanakuwa wameshaongea na watendaji na wenyeviti wa vitongoji, waulize kwenye kikao cha maelekezo, usione aibu.

Msikatize mashamba ya watu. Kwenye majaruba ya mpunga pita juu ya tuta, mstari mmoja. Na zile fensi za minyaa msijipenyeze, mnyaa ukikatika unatoa maziwa meupe na yakiingia jichoni utajuta, macho yanawaka na kuvimba na huoni njia wala ramani. Kama yameingia osha kwa maji mengi safi muda mrefu, usisugue, na uende hospitali, mashindano mengine yatakuja.

Jua huku linazama kwenye saa moja kasoro jioni na giza linaingia haraka, kwa iyo toa tochi saa kumi na mbili ukiwa bado unaona ndani ya begi.

Baada ya kumaliza

Kula, vaa nguo kavu, jifute vizuri. Osha cheni ya baiskeli siku hiyo hiyo na upake oili, ukiiacha na mchanga wa ziwani mpaka kesho utaikuta ina kutu.

Halafu kichocho. Hili watu wa Mwanza tunalichukulia poa kwa sababu tumekua nalo, lakini kama uliingia majini, hasa pale penye kina kifupi na majani ambapo konokono wanakaa, hesabu umekutana nacho. Kujifuta kwa taulo haraka ukitoka majini kunasaidia kidogo, hakutoshi. Usikimbilie dawa kesho yake, prazikwanteli inaua minyoo iliyokwisha komaa, ile michanga inabaki, ndo maana wanapima na kutibu baada ya wiki kadhaa, kama sita mpaka nane. Ukienda kituo cha afya mwambie daktari tarehe uliyoingia ziwani na upande gani. Muende timu nzima, maana maji yalikuwa ni yale yale, na yule wa muda na chakula mpeni kazi hiyo pia ya kuwakumbusha, ameshazoea kupiga kelele.